Jua Linasafisha Maji, Lakini Si Kila Uchafu



Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunazungumzia maji, jambo linalogusa kila nyumba. Siku hizi zinasikika habari kwamba jua linaweza kusafisha maji machafu. Inasemekana pia kwamba wataalamu wana unga mweupe ambao ukitiwa majini na kuangaziwa na jua huteketeza hata sumu za viwandani, na kwamba hata sauti inaweza kusafisha maji. Je, habari hizi ni za kweli? Na kama ni za kweli, mama mwenye watoto wadogo kule Kilindoni au Jibondo, katika kisiwa cha Mafia, afanye nini?

Tujibu kwa kifupi kwanza, kisha tueleze. Habari hizo ni za kweli, lakini zinahusu kazi mbili tofauti. Kazi ya kwanza ni kuua vijidudu vya maradhi vilivyomo majini. Kazi hii jua huweza kuifanya likiwa peke yake, na kila familia inaweza kuifanya nyumbani kwa chupa ya plastiki. Kazi ya pili ni kuvunjavunja sumu, kama vile dawa za mimea na rangi za viwandani. Kwa kazi hii jua huhitaji msaada wa kitu kinachoitwa kichocheo, pamoja na mitambo ambayo vijiji vyetu havina. Mtu akizichanganya kazi hizi mbili anaweza kuwanywesha watoto wake sumu huku akidhani amewapa maji salama. Ndiyo sababu tumeona tuzieleze moja moja.

MAJI YA KISIWANI

Mafia ni wilaya ya mkoa wa Pwani. Pamoja na kisiwa kikubwa, kuna visiwa vidogo kama Chole, Juani na Jibondo. Ardhi yake kwa sehemu kubwa ni mchanga na mawe ya matumbawe, ambayo yana matundu na nyufa nyingi. Mvua inaponyesha, maji hupenya upesi kwenda chini. Huko hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni, kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Maji hayo ndiyo tunayoyachota visimani.

Jambo hili lina faida yake, maana visima vya kisiwani mara nyingi havihitaji kuwa virefu. Lakini lina hatari pia. Udongo wa mfinyanzi huyachuja maji polepole, na vijidudu vingi hunaswa humo. Matumbawe yenye nyufa hayachuji hivyo. Tunachokimwaga juu ya ardhi leo kinaweza kuwa kisimani baada ya muda mfupi. Choo cha shimo kikichimbwa karibu na kisima, kinyesi huenda kisimani. Mkulima wa mikorosho akipulizia dawa ya ubwiriunga kisha akasuuza bomba lake kando ya kisima, dawa huenda kisimani. Fundi wa mashine za boti akimwaga oili chafu mchangani, nayo itafuata njia hiyo hiyo.

Basi tunaona kwamba kisima kimoja kinaweza kupata uchafu wa aina mbili. Uko uchafu wenye uhai, yaani bakteria, virusi na amiba, unaoleta kuhara, homa ya matumbo, kuhara damu na kipindupindu. Uko pia uchafu usio na uhai, yaani sumu, mafuta na chumvi. Uchafu wa kwanza humwangusha mtoto kwa siku moja au mbili. Wa pili mara nyingi hufanya kazi polepole, na mtu asijue ugonjwa umetoka wapi.

Hatari ya uchafu wa kwanza tuliiona wazi katika nchi yetu. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi ya Bara na Zanzibar pia. Hadi mwanzoni mwa 2018 walikuwa wameandikishwa wagonjwa zaidi ya 33,000, na waliokufa walizidi 500. Ugonjwa huo hubebwa na maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Nao haubagui kanisa wala msikiti. Familia za Kikatoliki Mafia ni chache, zinaishi pamoja na majirani Waislamu, na wote huchota katika kisima kimoja.

KAZI AMBAYO JUA HUIFANYA PEKE YAKE

Wazee wetu walijua tangu zamani kuwa jua huua wadudu. Ndiyo maana godoro na mkeka wa mgonjwa hutolewa nje kuanikwa. Kuhusu maji ya kunywa, mtu aliyelichunguza jambo hili kitaalamu ni Profesa Aftim Acra wa Chuo Kikuu cha Marekani kilichoko Beirut, nchini Lebanon. Yeye na wenzake walitaka kupata njia rahisi ya kutengeneza maji salama ya kuchanganyia dawa ya watoto wanaoharisha. Waliweka maji katika vyombo vinavyopitisha mwanga, wakaviacha juani, wakaona kwamba baada ya saa chache bakteria walikuwa wamekufa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1980. Kuanzia 1991 taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, iitwayo Eawag, iliendeleza kazi hiyo, na njia hii ikaenea katika nchi nyingi kwa jina la SODIS.

Jua huuaje vijidudu? Katika mwanga wa jua kuna mionzi tusiyoiona kwa macho, iitwayo urujuanimno. Ni mionzi hiyo hiyo inayoiunguza ngozi ya ndugu zetu wenye ualbino wasipojikinga. Mionzi hii hupenya chupa na maji, ikaharibu sehemu za ndani za kijidudu zinazokiwezesha kuzaliana, na kijidudu kikafa. Joto nalo husaidia. Maji yakifikia nyuzi 50 za Sentigredi, mionzi na joto hufanya kazi pamoja na vijidudu hufa haraka zaidi.

Je, njia hii imejaribiwa kwa watoto wa Kiafrika? Ndiyo, tena jirani zetu tu, kwa Wamasai wa Kajiado nchini Kenya. Wataalamu kutoka Ireland walishirikiana na wenzao wa hapo, na matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 1996. Watoto 206 wa umri wa miaka 5 hadi 16 walipewa chupa za plastiki. Nusu yao waliweka chupa zao juu ya paa tangu alfajiri hadi adhuhuri, nusu nyingine waliziweka ndani ya nyumba. Waliokunywa maji yaliyokaa juani waliharisha kidogo kuliko wenzao, na hata waliougua sana walikuwa wachache.

Baadaye kipindupindu kiliingia katika eneo hilo hilo la utafiti, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001. Katika nyumba zilizoweka maji juani, watoto wa chini ya miaka 6 walikuwa 155, na walioambukizwa kipindupindu walikuwa 3 tu. Katika nyumba ambazo hazikuweka maji juani walikuwepo watoto 144, na walioambukizwa walikuwa 20. Tunaomba kila mzazi azitafakari hesabu hizi. Tofauti kati ya nyumba hizo ilikuwa mahali chupa ilipowekwa.

Hata hivyo, ni lazima tuseme ukweli wote. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya utafiti mwingine uliofanyika vijijini Bolivia, Amerika ya Kusini. Huko familia zilifundishwa vizuri, lakini kuhara hakukupungua kwa kiasi cha kutosha kuthibitisha kwamba njia ilisaidia. Ilionekana kwamba familia zilikuwa zikiitumia njia hiyo karibu theluthi moja tu ya wakati. Siku nyingine watoto walikunywa maji yale yale ya zamani. Chupa iliyowekwa juani Jumatatu haimkingi mtoto anayekunywa maji ya mtungi Jumanne. Kazi hii inataka uaminifu wa kila siku.

NAMNA YA KUFANYA

1. Tafuta chupa za plastiki zisizo na rangi, zinazoonyesha kitu upande wa pili, za lita moja na nusu au zisizozidi lita 2. Zinazofaa huwa na alama ya pembetatu yenye namba 1 kwenye kitako. Chupa ya kijani au ya kahawia haifai, kwa kuwa huzuia mionzi. Chupa iliyochubuka sana au iliyofifia ibadilishwe.

2. Osha chupa na kifuniko chake kwa sabuni. Usitumie kamwe chupa iliyowahi kutiwa dawa ya mimea, mafuta ya taa au oili.

3. Angalia kama maji ni maangavu. Jaza chupa, isimamishe juu ya gazeti, kisha chungulia kutoka mdomo wa chupa hadi chini. Kama unaweza kusoma herufi kubwa za kichwa cha habari, maji yanafaa. Kama huwezi, yaache yatuame, kisha uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ujaribu tena. Mionzi haipenyi maji yenye tope.

4. Jaza chupa robo tatu, itikise kwa nguvu ili hewa ichanganyike na maji, kisha uijaze kabisa na kuifunga.

5. Ilaze chupa juani asubuhi, mahali ambapo kivuli cha mnazi au cha nyumba hakitaifikia. Paa la bati linafaa sana. Nyumba ikiwa ya makuti, weka kipande cha bati juu ya kichanja uani, mahali ambapo kuku na mbuzi hawafiki.

6. Iache kwa saa 6 kamili jua linapowaka. Ikiwa mawingu yamefunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku mbili mfululizo. Wakati wa masika, mvua ikinyesha kutwa nzima, usiitegemee njia hii. Chemsha maji mpaka yatokote, au tumia dawa ya klorini kwa kufuata maelezo yake.

7. Kunywa kutoka katika chupa ile ile kwa kumimina katika kikombe safi. Ukiyamimina tena katika mtungi na kuyachota kwa kata ambayo kila mtu anaishika, umeyachafua upya.

Kwa familia ya watu 6, ambapo kila mmoja anakunywa lita 2 kwa siku, zinahitajika lita 12, yaani chupa 8 za lita moja na nusu. Basi tafuteni chupa 16. Nane zikiwa juani leo, nane za jana ziwe zinanywewa. Kazi ya kuzipanga asubuhi wanaweza kupewa watoto wakubwa, na baba asione haya kuifanya.

Zingatieni pia kwamba baadhi ya vijidudu, kama amiba, huwa na ganda gumu linalowakinga. Hao hawafi wote kwa urahisi juani. Kwa mtoto mchanga aliyekwisha kuanza chakula, na kwa mgonjwa aliyedhoofika, maji yaliyochemshwa bado ndiyo bora zaidi.

JUA NA MAJITAKA YA MIJINI

Jua hutumika pia kwa maji machafu yatokayo vyooni, tena kwa wingi. Ruai, nje kidogo ya Nairobi, kuna mabwawa makubwa sana ya majitaka yanayojulikana kwa jina la Dandora. Dar es Salaam nako mabwawa ya namna hii yametumika kwa miaka mingi, kama yale ya Vingunguti. Majitaka hupita polepole kutoka bwawa moja hadi jingine kwa siku nyingi. Uchafu mzito hutuama, bakteria wasio na madhara hula uchafu ulioyeyuka, na mimea midogo ya kijani hutoa oksijeni kwa msaada wa mwanga. Katika mabwawa ya mwisho, ambayo si ya kina kirefu, jua huua vijidudu vingi vya maradhi vilivyobaki.

Maji yatokayo humo hayanywewi, wala bwawa hilo si mahali pa watoto kuogelea. Faida yake ni kwamba yanapoingia mtoni yanakuwa na madhara madogo zaidi. Lakini hata mabwawa haya hulemewa na rangi za viwanda vya nguo na dawa kali, kwa kuwa bakteria hawawezi kula kila kitu. Mto Msimbazi wa Dar es Salaam umebeba kwa miaka mingi uchafu wa namna zote mbili, wa majumbani na wa viwandani. Hapo ndipo inapokuja kazi ya pili tuliyoitaja mwanzoni.

UNGA MWEUPE

Unga unaozungumzwa unaitwa titaniamu dayoksaidi. Si kitu kigeni nyumbani mwetu. Ndio unaoipa weupe rangi ya kupaka nyumba, na hutiwa katika dawa nyingi za meno. Madini yenye titaniamu yamo katika mchanga wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Huko Kwale, kusini mwa Mombasa, yalichimbwa na kusafirishwa ng'ambo kwa zaidi ya miaka 10, hadi mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024.

Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walitangaza kwamba titaniamu dayoksaidi ikiwekwa majini na kuangaziwa na mwanga wenye urujuanimno, huweza kuyatenganisha maji kuwa oksijeni na haidrojeni. Baada ya hapo wataalamu wa nchi mbalimbali walijiuliza: kama mwanga na unga huu vinaweza kuyavunja maji yenyewe, je, haviwezi kuzivunja sumu zilizomo majini? Walijaribu wakaona inawezekana. Nchini Hispania, katika kituo cha utafiti wa nguvu za jua huko Almería, majaribio ya kusafisha maji yenye dawa za mimea na uchafu wa viwandani yamefanyika kwa miaka mingi kwa kutumia jua lenyewe.

Unga huu ndio uitwao kichocheo. Ili kuelewa kazi yake tumfikirie mshenga. Mshenga huwakutanisha watu wa nyumba mbili, mambo yakaenda mpaka ndoa ikafungwa, naye akarudi kwake akiwa yule yule, tayari kwenda kuposa mahali pengine. Kichocheo nacho huwezesha mabadiliko kutokea bila chenyewe kuliwa. Mionzi ya jua inapoipiga chembe ya unga, vijisehemu vidogo mno vya umeme viitwavyo elektroni huruka kutoka mahali pake. Msukosuko huo hugusa maji na hewa vilivyo karibu, na hapo huzaliwa chembe kali sana ziitwazo haidroksili. Chembe hizi haziishi hata kwa kupepesa jicho, lakini katika muda huo hushambulia kila zinachokigusa, iwe rangi, dawa au kijidudu, na kukikata vipande vipande. Kazi ikifika mwisho, sumu nyingi hubaki maji, hewa ya kaboni na chumvi kidogo.

Mbona basi hatuna mitambo hiyo kila wilaya? Sababu ni kadhaa. Kwanza, unga huu hutumia urujuanimno tu, nayo ni sehemu ndogo ya mwanga wa jua, karibu asilimia 5. Pili, maji yakiwa na tope mwanga haufiki kwenye unga. Tatu, baada ya kazi unga wenyewe lazima uondolewe majini, nao ni mwembamba mno, haunaswi kwa kitambaa. Nne, kazi ikikatizwa njiani, sumu inaweza kuwa imevunjika nusu tu, na vipande vilivyobaki pengine vina madhara yake. Kwa hiyo ni lazima kuwe na maabara ya kupima.

Kwa sababu hizo tunaonya kwa nguvu: mtu asikwangue rangi nyeupe ya ukutani wala kukoroga dawa ya meno akatia katika maji ya kunywa kwa kudhani anasafisha. Vitu hivyo vina mchanganyiko mwingine usiofaa kunywewa.

SAUTI ISIYOSIKIKA

Kuhusu sauti, jambo hili nalo ni la kweli. Kuna sauti nyembamba mno ambazo sikio la binadamu halizisikii, ingawa popo na pomboo huzisikia. Zikipigwa kwa nguvu ndani ya maji, zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, maji huvutwa na kubanwa haraka hata vikatokea viputo vidogo sana. Viputo hivyo hukua kidogo kisha hupasuka kwa kujiangukia ndani. Kila kinapoanguka, katika nukta ile ndogo, joto hupanda hadi maelfu ya nyuzi, halafu hutoweka mara moja. Joto hilo la ghafla huzaa chembe zile zile kali tulizozieleza, nazo huvunja sumu.

Wataalamu wanapounganisha sauti, mwanga na unga, kila kimoja humsaidia mwenzake. Sauti hutawanya unga na kuusafisha usigandwe na uchafu, na mwanga ukaufikia vizuri zaidi. Lakini sauti hiyo hutaka umeme mwingi, na kwa maji mengi gharama huwa kubwa. Kwa sasa kazi hii kwa sehemu kubwa iko katika maabara.

Akina mama wajawazito wasiogope wanaposikia maneno haya. Kipimo cha altrasaundi cha hospitali nacho hutumia sauti isiyosikika, lakini ni ya namna nyingine na ya nguvu ndogo, iliyowekwa kwa ajili ya kuona tu. Nendeni kliniki bila wasiwasi.

SUMU HAZIONDOKI KWA CHUPA

Tunarudia jambo tulilolitaja mwanzoni, kwa kuwa ndilo lenye hatari. Maji yenye dawa ya mikorosho yakikaa juani ndani ya chupa kutwa nzima, jioni yatakuwa bado na dawa. Maji yenye oili yatakuwa bado na oili. Maji ya kisima kilichoingiwa na bahari yatabaki na chumvi yake. Kwa kuwa mitambo ya kuvunja sumu hatuna, dawa yetu ni moja, nayo ni kuzuia sumu isiingie majini. Haya yako katika uwezo wetu:

Choo kiwe mbali na kisima, angalau hatua 40 za mtu mzima, yaani mita 30 hivi. Katika ardhi ya matumbawe kikiwa mbali zaidi ni bora. Kisima kijengewe ukuta mfupi na sakafu ya saruji inayopeleka mbali maji yaliyomwagika, na kiwe na kifuniko na ndoo moja ya kuchotea isiyolazwa chini.

Bomba la kupulizia dawa lioshwe shambani, mbali na kisima, mto na pwani. Makopo matupu ya dawa yatobolewe ili yasitumike tena, na mabwana shamba waulizwe mahali pa kuyapeleka. Yasigeuzwe kuwa vyombo vya maji.

Oili chafu ya mashine ikusanywe katika dumu. Betri zilizokwisha zisitupwe chooni wala kisimani.

Nyumba yenye bati iwekewe mfereji wa kukusanyia maji ya mvua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ioshe paa, kisha maji yakingwe. Katika visiwa kama Jibondo, ambako maji baridi yamekuwa shida ya miaka mingi, paa la kanisa, la msikiti na la shule yanaweza kukinga maji ya kijiji kizima.

MTOTO AKIHARISHA

Pamoja na jitihada zote, mtoto anaweza kuugua. Anayeharisha hufa kwa kukaukiwa maji mwilini. Mpe mara moja maji ya ORS, pakiti moja katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, ambacho kwa kawaida ni lita moja. Kama hakuna pakiti, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote viwe vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Ulizeni zahanati kuhusu vidonge vya zinki. Mkiona macho yameingia ndani, mtoto amelegea, hawezi kunywa, ana damu katika choo, au anaharisha maji mfululizo kama ya mchele, msingoje kesho. Mpelekeni zahanati au Hospitali ya Wilaya pale Kilindoni, mkimnywesha njiani.

MWITO KWA JUMUIYA

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kuwa kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu. Haki hiyo inaanza kulindwa na yule anayechimba choo na yule anayeosha bomba la dawa.

Tunazishauri Jumuiya Ndogo Ndogo, WAWATA na VIWAWA wafanye jambo moja kabla ya masika. Baada ya sala ya jumuiya, watembelee kisima wanachochota, wakialika majirani wote wanaokitumia, bila kujali dini zao. Wapime hatua kutoka kisimani hadi choo cha karibu. Waangalie kama kifuniko kipo, kama ndoo ni safi, na kama kuna mtu anayeosha bomba la dawa hapo. Kinachohitaji kurekebishwa wakubaliane siku ya kukirekebisha, na nani alete saruji, nani alete mchanga. Katekista aandike tarehe hiyo.

Kisha kila mama na kila baba aende nyumbani, aoshe chupa, azijaze, na kesho asubuhi azilaze juani kabla ya watoto kwenda shule.